Mkono Uliobabuliwa na Korosho na Mishipa ya Damu ya Mama

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi nabangua korosho kwa mkono nyumbani. Mafuta ya ganda yakinirukia, ngozi hubabuka, huwa nyekundu, hupata moto na kuvimba, nami humeza diklofenaki nikapata nafuu. Mama yangu mzazi ana shinikizo la damu na anatumia enalapril, lakini tangu aanze dawa hiyo anasumbuliwa na kikohozi kikavu. Kliniki walimweleza kwamba utando wa ndani wa mishipa yake una mcharuko unaochochewa na vimeng'enya. Je, ndiyo haya haya yanayoupata mkono wangu? Na kama ndivyo, kwa nini naye asipewe diklofenaki?
Msomaji, Newala, Mtwara

JIBU: Marahaba. Asili yake ni moja, yaani mcharuko, mwitikio wa mwili unapodhurika, ila mwendo ni tofauti, na diklofenaki usimpe.

Kila mshipa wa damu, tangu ule mkubwa utokao moyoni hadi ule mwembamba usioonekana kwa macho, umetandikwa ndani kwa seli bapa zilizojipanga tabaka moja tu. Mafuta ya ganda la korosho, yenye asidi ya anakadi na kadoli, yanapoichoma ngozi yako, seli zilizojeruhiwa hutoa protini za kuashiria hatari, na ishara hizo huufikia utando wa mishipa iliyo jirani. Humo ndani ya seli kuna kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemia, kiitwacho IKK, ambacho kazi yake ni kuibandika alama ya kikemia iitwayo fosfeti protini inayoifungia NF-kappa B, ambayo ni protini ya kuwasha jeni. Protini hiyo ikishawekewa alama huvunjwavunjwa, na NF-kappa B, ikiwa sasa huru, huingia katika kiini cha seli na kuziamsha jeni za mcharuko. Baada ya saa chache uso wa seli huwa umeota protini za kunasa, chembe nyeupe za damu zikipita hunata hapo, kisha hujipenyeza katikati ya seli na kuingia kwenye nyama iliyoumia. Wakati huohuo kimeng'enya kingine, siklooksijenesi ya pili, husaidia kutengeneza prostaglandini zinazotanua mishipa na kuzidisha maumivu. Wekundu na joto unavyoviona hutokana na kutanuka huko, na uvimbe hutokana na maji ya damu yanayovujia nje. Diklofenaki hukizuia kimeng'enya hicho cha mwisho, basi. Jeraha lenyewe haliponyi.

Mkononi mambo hayo hupoa, kwa sababu miongoni mwa jeni ambazo NF-kappa B huziamsha imo ile ya kutengeneza upya protini ya kuifungia yenyewe. Kwa mama yetu hakuna jeraha lililo wazi. Shinikizo la damu, na kwa wengine sukari au tumbaku, huendeleza ishara ndogondogo kila siku, bila homa wala maumivu, kwa hiyo watu wengi hawashtuki mpaka moyo, figo au ubongo umeathirika.

Hapo ndipo enalapril inapoingia. Juu ya uso wa seli za utando, hasa katika mapafu, kuna kimeng'enya kinachoigeuza anjiotensini ya kwanza, homoni iliyomo katika damu, kuwa ya pili. Hiyo ya pili huibana mishipa, na zaidi ya hapo huiamsha oksidesi ya NADPH, kimeng'enya kinachozalisha superoksaidi, ambayo ni oksijeni ya namna kali. Superoksaidi huiharibu nitriki oksaidi, gesi ambayo utando huitengeneza kutokana na arginini ili kuilegeza mishipa na kuzuia chembe nyeupe zisinate. Ugunduzi wa kazi ya gesi hii ndio uliowapatia wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Linalonishangaza kila ninapolisoma ni kwamba kimeng'enya kinachotengeneza gesi hiyo, msaidizi wake wa kikemia akiharibiwa na ukali huo, huanza chenyewe kutoa superoksaidi, kama mlinzi aliyejiunga na wezi. Enalapril hukizuia kile kimeng'enya cha anjiotensini, kwa hiyo pamoja na kushusha shinikizo huupunguzia utando uchochezi.

Sasa diklofenaki. Siklooksijenesi hiyohiyo, ikiwa katika mishipa, husaidia kutengeneza prostasaiklini inayozuia damu isigande ovyo. Rofecoxib, dawa ya jamii moja na diklofenaki, iliondolewa sokoni mwaka 2004 kwa kuongeza mashambulizi ya moyo na kiharusi. Diklofenaki nayo ina hatari hiyo, tena hupandisha shinikizo, huidhoofisha enalapril na huweza kuumiza figo. Hata wewe usiizoee. Glavu zingekufaa zaidi.

Kuhusu kikohozi, kimeng'enya kinachozuiwa na enalapril ndicho pia huivunja bradikinini, kemikali ya mwili inayotanua mishipa, na isipovunjwa hujikusanya katika njia ya hewa na kuiwasha. Hata hivyo, kikohozi kilichofikisha wiki mbili kipimwe kifua kikuu. Mama asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, bali arudi kliniki, ambako anaweza kubadilishiwa losartan, inayoziba mahali anjiotensini ya pili inaponatia bila kukigusa kimeng'enya. Lakini midomo, ulimi au uso ukivimba, ambayo pia ni kazi ya bradikinini, asimeze kidonge kingine, na mpelekeni hospitali saa ileile, hata kama ni usiku.