Wi-Fi ikigoma wakati wa kusakinisha Linux, anza kwa kuiuliza mashine

Watu wanaohamia Linux huniuliza mengi, lakini swali la Wi-Fi halikosekani. Na mara nyingi anayeuliza ameshahangaika sana kabla ya kuuliza: ameshabandika amri alizozikuta mahali, ameshapakua draiva hii na ile (draiva ni programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi), ameshasakinisha mfumo upya kwa matumaini kwamba safari hii mambo yatakaa sawa. Huko ni kumeza dawa kabla ya kupima. Nimesakinisha Linux kwenye laptopu nyingi, zangu na za watu, na ninachosisitiza ni kwamba usiguse chochote mpaka ujue Wi-Fi imekwama hatua gani. Kadi ya Wi-Fi hupita hatua kadhaa kabla ya kukuonyesha jina la mtandao wako, na dawa ya hatua moja haisaidii kitu kwenye nyingine.

Kabla ya yote, tafuta waya wa kuchajia simu. Ichomeke simu kwenye kompyuta, nenda kwenye mipangilio yake, washa kusambaza intaneti kupitia USB. Simu nyingi za Android hutambuliwa na Linux papo hapo kama kadi ya mtandao wa waya. Itatokea kwa jina kama `usb0`, au jina refu linaloanza na `enx`, na intaneti itapita bila wewe kusakinisha chochote. iPhone nayo inawezekana, ila inahitaji programu ya `usbmuxd` iwemo kwenye mfumo, na lazima ukubali kwenye skrini ya simu kwamba unaiamini kompyuta hiyo. Jambo ambalo wengi hawalijui: simu ya Android ikiwa yenyewe iko kwenye Wi-Fi, kwa kawaida itapitisha Wi-Fi hiyohiyo, kwa hiyo bando lako liko salama. Hakikisha tu waya unapitisha data, maana kuna nyaya za kuchaji peke yake. Nimeona mtu akihamisha pakeji (programu zilizofungashwa) kwa flashi kutoka kompyuta nyingine, moja baada ya moja, kila pakeji ikidai mwenzake, na simu iko mfukoni mwake.

La pili ni kutumia vizuri ule mfumo unaowaka kutoka kwenye flashi. Distro nyingi, yaani matoleo ya Linux kama Debian, Ubuntu na Arch, hukuruhusu kuuendesha mfumo mzima kabla ya kugusa diski. Hapo ndipo pa kufanyia uchunguzi, maana ukiona mambo hayaendi unaweza kubadilisha distro bila kupoteza kitu. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike:

`lspci -nnk`

Kama ni adapta ya kuchomeka nje, tumia `lsusb`. Kwenye jibu tafuta mstari wa kadi ya mtandao usiotumia waya. Kwa mfano utakuta `Realtek RTL8821CE`, na mwishoni mwake namba kama `[10ec:c821]`. Namba hiyo ndiyo jina halisi la kadi yako. Kwa kadi za ndani, tarakimu nne za kwanza ni mtengenezaji: 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek, 168c ni Atheros, 14c3 ni MediaTek. Nne za mwisho ni chipu yenyewe. Unapotafuta msaada tafuta kwa namba hiyo, usitafute kwa jina la laptopu, kwa sababu laptopu za modeli moja zinaweza kutoka kiwandani na kadi za watengenezaji tofauti. Ushauri uliomponya mwenzako mwenye laptopu kama yako unaweza usikuhusu hata kidogo.

Kadi isipoonekana kabisa, hakuna draiva itakayokusaidia. Angalia kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya mfumo kuwaka) kama imezimwa. Kisha jiulize kama mashine ina Windows na ulitoka huko sasa hivi. Windows yenye Fast Startup haizimiki kikamilifu unapobonyeza kuzima. Hulaza sehemu ya mfumo diskini, na kadi inaweza kubaki katika hali ambayo Linux haiwezi kuiamsha. Rudi Windows, chagua kuwasha upya badala ya kuzima, uone kama kadi itajitokeza. Ikijitokeza, zima Fast Startup moja kwa moja. `Powercfg /h off` kwenye terminali ya msimamizi inatosha.

Kadi ikionekana, tazama chini yake kama kuna mstari wa `Kernel driver in use`. Ukiwepo, draiva imeishika kadi. Usipokuwepo, mara nyingi sababu ni ndogo tu: kadi ni mpya kuliko keneli, kiini cha Linux. Draiva za Linux hukaa ndani ya keneli, kwa hiyo umri wa keneli ndio unaoamua. Kadi za MediaTek MT7921, kwa mfano, zilianza kutambuliwa kwenye keneli 5.12 ya mwaka 2021, na draiva ya rtw89 inayobeba Realtek RTL8852AE iliingia na 5.16, mwanzoni mwa 2022. Ukiwasha distro yenye keneli 5.4 kwenye laptopu yenye kadi kama hizo, utasubiri sana. Hapa wengi hukimbilia kupakua msimbo wa draiva na kuukusanya (kuugeuza kuwa programu) wenyewe. Mimi hupakua kwanza toleo jipya zaidi la distro, naliandika kwenye flashi, naangalia. Wi-Fi ikiwaka, kazi imekwisha, na draiva iliyokuja na keneli haitakufia siku ya kusasisha mfumo.

Sasa kuna hali inayowachanganya watu kuliko zote: kadi inaonekana, draiva ipo, lakini Wi-Fi haipo. Hapo shuku fimwea. Kadi nyingi za siku hizi zina kompyuta ndogo ndani yake, na kila zinapowashwa husubiri draiva iwape programu yao kutoka diskini. Faili la programu hiyo likikosekana, kadi inabaki kimya. Uliza hivi:

`sudo dmesg | grep -i firmware`

Ukikuta mstari unaosema kupakia faili fulani kumeshindikana kwa `error -2`, hiyo -2 maana yake ni kwamba faili halikupatikana. Jina la faili limeandikwa palepale, na ndilo la kutafutia pakeji. Lakini soma mpaka mwisho kabla hujahamaki. Draiva ya Intel, `iwlwifi`, hujaribu fimwea mpya zaidi kwanza, ikiikosa inashuka kwenye ya nyuma yake, na tena, mpaka ipate inayoiweza. Kwa hiyo unaweza kuona mistari kadhaa ya kushindwa ikifuatiwa na mmoja unaosema `loaded firmware version`. Huo wa mwisho ndio wa kuamini. Watu hunitumia picha ya mistari ya juu wakiwa na wasiwasi, kumbe kadi yao ni nzima na tatizo liko kwingine.

Kwenye Debian, habari ya fimwea ina historia yake. Kwa miaka mingi diski rasmi za kusakinishia hazikuwa na fimwea zisizo huru (ambazo msimbo wake haujafunguliwa kwa umma), kwa msimamo wa mradi wenyewe, na kisakinishi kilikuomba ulete mafaili hayo kwa flashi. Mwaka 2022 wanachama walipiga kura, na kuanzia Debian 12, iliyotoka Juni 2023, fimwea zimo ndani ya diski rasmi. Mwongozo wowote unaokuelekeza kuandaa flashi ya pili yenye fimwea ni wa enzi zile. Chukua toleo la 12 au la baadaye, uachane nao. Kama mfumo wa zamani uliusasisha mwenyewe, hakikisha `non-free-firmware` imeandikwa kwenye orodha ya hazina (mahali mfumo unapopakulia programu), ndipo usakinishe `firmware-iwlwifi`, `firmware-realtek` au inayolingana na kadi yako.

Fimwea ikiwa sawa, andika `rfkill list`. Ikisema `Soft blocked: yes`, `sudo rfkill unblock wifi` inamaliza. `Hard blocked: yes` maana yake kuna swichi au kitufe cha ndege kwenye kibodi. Kuna laptopu ambazo hazina swichi yoyote na bado zinadai imefungwa. Hapo moduli ya mtengenezaji, kama `ideapad_laptop`, huwa inaisoma vibaya. Iondoe kwa muda kwa `sudo modprobe -r ideapad_laptop`, na Wi-Fi ikirudi utajua mchawi ni nani.

Broadcom inastahili aya zake. Nikiona 14e4 natafuta simu na waya kabla ya kuendelea. Kadi hizi, zilizojaa kwenye Mac za zamani, zina draiva zinazogombana: `b43`, `brcmsmac` na `wl`. Kampuni ilitoa draiva huria mwaka 2010, lakini haikubeba chipu zote, na baadhi, kama BCM4360, bado zinahitaji `wl` ambayo si huria. Kwenye Debian pakeji yake ni `broadcom-sta-dkms`, kwenye Ubuntu ni `bcmwl-kernel-source`. Kinachokera ni kwamba unahitaji intaneti ili upate draiva ya kukupa intaneti, na ndiyo maana nimeanza na simu. Sakinisha pia `linux-headers` za keneli unayoitumia, kwa sababu draiva hii hukusanywa upya kila keneli inapobadilika. Zikikosekana, Wi-Fi itapotea baada ya kusasisha nawe utadhani kadi imekufa.

Halafu Secure Boot, ulinzi unaokataa programu zisizo na sahihi inayotambulika mashine inapowaka. Draiva iliyokusanywa kwenye mashine yako haina sahihi inayotambulika, na keneli itaikataa: ukiandika `sudo modprobe wl` utajibiwa `Key was rejected by service`. Hali yake unaiona kwa `mokutil --sb-state`. Ubuntu hukuomba nenosiri wakati wa kusakinisha draiva ya namna hii, kisha ukiwasha upya inatokea skrini ya bluu ya kusajili ufunguo. Skrini hiyo inasubiri sekunde 10 tu. Usipobonyeza kitu inapita zake, na mfumo unawaka bila Wi-Fi wala maelezo. Keti mbele ya mashine inapowaka, chagua `Enroll MOK`, ingiza lile nenosiri. Kuzima Secure Boot ni njia fupi, na kwa laptopu ya nyumbani siwezi kumlaumu anayeizima, ingawa mimi husajili ufunguo.

Ukifika mahali unaona mitandao kwenye orodha, umeshatoka kwenye matatizo ya kadi. Mtandao wako mmoja tu usipoonekana wakati simu inauona, andika `iw reg get`. Nchi ikiwa `00`, kadi inafuata kanuni za tahadhari za dunia nzima, na ruta iliyoko kwenye chaneli ya 12 au 13 inaweza isionekane au ikatae kuunganika. Hamishia ruta kwenye 1, 6 au 11.

Umeunganika lakini hakuna kinachofunguka? `ping 1.1.1.1` ikijibu na `ping` ya jina la tovuti isijibu, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Zote zikijibu na kisakinishi bado kinalalamika kuhusu vyeti (vithibitisho vya utambulisho wa tovuti) au hazina, tazama saa. Laptopu ya zamani yenye betri ya BIOS iliyokwisha huamka na tarehe ya miaka iliyopita, na kwa tarehe hiyo vyeti vya tovuti vinaonekana havijaanza hata kutumika.

Wanaosakinisha Arch wana tego lao. Kwenye flashi unaunganika kwa `iwctl`, kila kitu kinakwenda vizuri, unawasha upya, na mfumo mpya hauna programu yoyote ya mtandao. Kilichokuwemo kwenye flashi hakihamii diskini chenyewe. Ukiwa bado ndani ya `arch-chroot` (amri inayokuingiza kwenye mfumo mpya ukiwa bado kwenye flashi), sakinisha `networkmanager` na uandike `systemctl enable NetworkManager`. Debian ina lake: ukisakinisha bila mazingira ya picha, kisakinishi huandika Wi-Fi yako kwenye `/etc/network/interfaces`, na ukija kuongeza NetworkManager baadaye itaiacha kadi hiyo ikisema `unmanaged`. Futa mistari ya kadi hiyo kwenye faili, uwashe upya.

Na kama Wi-Fi inafanya kazi lakini inakatika au inaburuta, jaribu kwanza kuzima usingizi wa kadi: `sudo iw dev wlp3s0 set power_save off`, ukiweka jina la kadi yako badala ya `wlp3s0`. Ikitulia, fanya iwe ya kudumu kwa kuunda faili lenye jina linaloishia na `.conf` ndani ya `/etc/NetworkManager/conf.d/`, uandike `[connection]` mstari wa kwanza na `wifi.powersave = 2` wa pili. Hapo 2 ni kuzima. 3 ndiyo kuwasha.