Kusafiri peke yako ukiwa mwanamke: anza na saa ya kutua

Dada mleta mada, uzi wako nimeusoma mara mbili. Umesema una miaka 27, ni muuguzi Mwanza, umedunduliza hela miaka miwili na unataka kwenda India wiki tatu peke yako. Mama amekataa kabisa, anasema mtoto wa kike hatoki hivyo bila mwenyeji. Unauliza kama ni salama, kama watakuzuia uwanja wa ndege, na mama umwambieje. Humu wengine wamekujibu "nenda tu, maisha mafupi", wengine wamekwambia utarudi bila figo. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nasafiri peke yangu tangu 2015, wakati wa likizo za Juni na Desemba, kwa pasi hii hii ya Tanzania. Nimefika nchi 14, na India nimekwenda mara mbili. Nitakwambia niliyoyaona mwenyewe.

Nilianza na treni ya TAZARA, Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, kilomita 1,860. Niliichagua kwa sababu ilikuwa nafuu, na kwa sababu nilitaka kuvuka mpaka mmoja tu nione moyo wangu utasemaje. Kwenye treni ile vyumba vya kulala hawachanganyi wanawake na wanaume, labda mkate tiketi za chumba kizima. Daraja la pili tulikuwa wanawake sita. Mmoja alikuwa mama mfanyabiashara wa Tunduma, njia ile anaijua kituo kwa kituo. Giza lilipoingia akafunga dirisha, akatoa kwenye kikapu kipande cha mbao kilichochongwa upande mmoja mwembamba, akakikaza kwenye reli ya kioo ili mtu wa nje asiweze kukisukuma. Mlango akaufunga kitasa, kisha akapitisha kanga kwenye mkono wa mlango na kuifunga kwenye ngazi ya kitanda. Akasema, "Sasa laleni." Tukalala. Makambako akatununulia viazi vya kuchemsha kupitia dirisha hilo hilo, na Tunduma walipopanda wabadilisha fedha akanizuia nisibadilishe mpaka yeye azihesabu zile kwacha mara mbili. Aliposhuka akaniachia kile kibao. Ninacho mpaka leo, sasa nakikaza chini ya mlango wa chumba cha hoteli kwa ndani. Kimefika Cairo, Muscat na Mumbai.

Tangu safari ile, nikiingia mji mgeni jambo la kwanza naangalia wanawake wa pale wamekaa wapi. Nitalirudia, maana ndilo limeniokoa zaidi ya kitu kingine chochote.

Sasa tuje India. Nchi nzima huwezi kuiita salama wala ya hatari. Delhi ya saa nne asubuhi siyo Delhi ya saa tisa usiku, na mimi mwaka 2018 niliikuta ya saa tisa usiku kwa sababu tiketi ile ilikuwa rahisi. Nje ya uwanja kijana mmoja akanishika mkono na kunipeleka kwenye teksi. Njiani dereva akauliza hoteli gani, nikamtajia. Akapiga simu, akaniambia wenyewe hao hapa, ongea nao. Sauti ikasema mtaa umefungwa usiku huu, hoteli haipokei mtu, dereva atanipeleka nyingine nzuri. Nilikuwa sina laini ya India, siwezi kupiga mwenyewe kuhakikisha. Tukawa tunapita barabara zenye giza, na yeye haniangalii tena kwenye kioo.

Mwanangu, nilisikia ulimi umekauka kabisa. Begi nilikuwa nimelipakata, sikuliweka kwenye buti, na hilo nashukuru mpaka kesho. Mbele nikaona jengo kubwa lenye maandishi mekundu ya idara ya dharura. Nikajishika tumbo nikamwambia natapika, simama, simama. Alisimama haraka, hakutaka gari lake lichafuke. Nikateremka na begi, nikamwachia hela kwenye kiti, nikaingia mle ndani bila kugeuka nyuma.

Mapokezi kulikuwa na akina mama wenye watoto wagonjwa, mlinzi mlangoni, na muuguzi mmoja mezani. Nilimwambia ukweli: siumwi, nimetua sasa hivi, nimeogopa, naomba nikae mpaka kukuche. Hakuniuliza mengi. Akavuta benchi likawa ubavuni mwa meza yake, baadaye akaniletea chai ya maziwa yenye tangawizi kwenye kikombe cha karatasi, kile kidogo cha funda mbili tatu. Nilikaa pale mpaka asubuhi. Kisha nikapanda treni ya mjini, behewa la kwanza, ambalo Delhi wamewatengea wanawake peke yao. Kwenye jukwaa utaona alama ya waridi sakafuni mahali linaposimama. Hoteli nikaikuta wazi. Mlinzi akaniambia haijafungwa usiku ule hata dakika moja. Ule ni mchezo wa zamani sana, anayeongea kwenye simu ni mwenzake dereva.

Wewe ni muuguzi, unajua zamu ya usiku inavyokuwa. Mapokezi ya hospitali hayazimi taa, na watu hawakosi. Mji wowote ukishikwa na hofu usiku, ingia hospitali.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia bei ya tiketi, angalia saa ya kutua. Mimi sasa nataka kutua kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa mchana, hata kama ni kuongeza dola hamsini. Ikishindikana, usitoke ndani ya jengo la uwanja mpaka kuche. Na Delhi kumbuka, ukishatoka nje walinzi hawakurudishi ndani bila tiketi ya kusafiri, kwa hiyo amua ukiwa bado ndani. Teksi chukua ile ya kulipia kabla, kwenye kibanda cha polisi wa usalama barabarani wa Delhi, unapewa karatasi yenye namba ya gari. Karatasi hiyo mpe dereva ukishafika, siyo kabla. Namba ya dharura India nzima ni 112.

Mumbai ndiko nilikoipenda India. Treni zao za mjini zina mabehewa ya wanawake, na tangu 1992 kuna treni nzima ya wanawake kati ya Churchgate na Borivali. Nilipanda jioni wakati watu wanatoka kazini. Mtu unasimama umebanwa, kisha mwanamke asiyekujua anakuuliza unashuka wapi. Mara ya kwanza nilidhani ni udadisi. Kumbe ndivyo wanavyopangiana viti: ukishuka wewe, kiti ni chake, na baada yake cha fulani, na kila mtu anaheshimu. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa na mfuko wa njegere magotini, anamenya. Maganda anayatia kwenye mfuko wa pili, punje kwenye kopo. Nikanyoosha mkono, akanisukumia fungu langu bila neno, tukamenya pamoja mpaka Andheri. Pembeni msichana anauza hereni zilizotungwa kwenye kadi, wanawake wanajaribu na kurudishiana. Sijawahi kujisikia mgeni kidogo kiasi kile katika nchi ya watu.

Kwenye treni za mbali za usiku omba kitanda cha juu kabisa. Cha chini mchana ni kiti cha kila mtu, wanaume watakaa hapo na hutaweza kujinyoosha.

Utatazamwa, hilo jiandae. Watakuomba picha, wengine watapiga bila kuomba, na wapo watakaogusa nywele. Cairo nilifuatwa na mwanaume kutoka sokoni Ataba mpaka kituo cha metro. Sikukimbia. Nilikwenda kusimama katikati ya jukwaa walipokuwa wamesimama wanawake, kwa sababu treni zao mabehewa ya katikati ni ya wanawake. Alipotaka kuingia nyuma yangu walimpigia kelele mpaka akarudi nyuma, na mama mmoja akanishika kiwiko akanikalisha. Niseme pia bila kuficha: nimeshikwashikwa zaidi kwenye daladala za kwetu kuliko katika nchi hizo zote. Anayekwambia ubaki nyumbani ndiyo salama, muulize nyumbani kupi.

Muscat, mji mkuu wa Oman, nayo niitaje, maana wengi mnapita pale kuunganisha ndege na hamtoki uwanjani. Nilikuwa soko la Matrah, naongea na dada yangu kwa simu kwamba nimepotea na jua linaniumiza. Bibi mmoja mwenye baibui, ameketi dukani, akasema kwa Kiswahili safi, "Mwanangu, u mtu wa wapi?" Nikamwamkia shikamoo, machozi yakanilengalenga. Alizaliwa Unguja, akaondoka bado msichana baada ya Mapinduzi ya 1964. Watu wa namna yake wako wengi kule, hasa waliorudi kuanzia 1970 Sultan Qaboos aliposhika nchi. Alinikalisha ndani, akanipa halua na kahawa chungu, akaniuliza kama Forodhani bado panauzwa mishikaki. Nilipotaka kuondoka akamwamuru mjukuu wake wa kike anitoe mpaka barabara ya pwani. Kiswahili chako ni pasi nyingine, kiseme kwa sauti.

Kuhusu kuzuiwa uwanja wa ndege: inawezekana ukawekwa pembeni. Mimi niliwekwa, dakika arobaini, katika uwanja ambao sitautaja, nikaulizwa mbele ya watu nani ananisubiri huko na nani kanilipia. Iliniuma. Naelewa kuna mabinti wanaosafirishwa kwa ulaghai kwenda kufanya kazi za ndani na wanateswa, na afisa anayeuliza anaweza kuwa anamwokoa mmoja wao. Lakini kuulizwa kama mtuhumiwa kwa sababu tu huna mwanaume pembeni ni jambo linalonikera hadi leo. Chapisha karatasi zako, usitegemee simu: tiketi ya kurudi, hoteli ya siku za kwanza, taarifa ya benki, na barua ya likizo kutoka kwa mwajiri. Barua ya likizo ndiyo iliyonitoa. Viza ya India omba mtandaoni, tovuti ya serikali yao inaishia na gov.in, zipo nyingine zinazofanana nayo zinazokula hela. Chanjo ya homa ya manjano kama huna kachome mapema, kadi inaanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 inadumu maisha yote.

Ulaya nilinyimwa viza mara moja, sababu eti hawana uhakika kama nitarudi. Ada hairudishwi, na sasa ni yuro 90. Mtu humu amekutolea mfano wa Jessica Nabongo, aliyemaliza nchi zote za dunia Oktoba 2019 kule Shelisheli. Nampenda sana, damu ya Uganda ile. Lakini yeye ni mzaliwa wa Marekani na ana pasi ya huko. Wewe bajeti yako iweke na fungu la viza na la kukataliwa.

Mama sasa. Wangu hakunisemesha siku tatu. Kubishana naye kuhusu haki zangu hakukusaidia kitu. Kilichosaidia ni kalenda. Nilichukua kalenda ya ukutani, nikaandika kila tarehe nitalala wapi, jina la hoteli na namba ya simu, nikaitundika jikoni kwake. Nikamwachia nakala ya pasi. Tukakubaliana kila siku saa mbili usiku ya nyumbani napiga; nikikosa siku moja asihangaike, nikikosa mbili mdogo wangu apige ubalozi wetu, namba imeandikwa pale chini. Sikukosa hata siku moja. Niliporudi nikakuta kila siku iliyopita ameikata kwa kalamu nyekundu, na pembeni ya siku ya Mumbai ameandika "njegere". Safari iliyofuata yeye ndiye alinunua kalenda.

Vya kubeba usijaze. Kanga doti moja: utajifunika, utajitanda, utaiweka dirishani kama pazia, utaifutia uso. Dola beba mpya, zisizo na mkunjo wala wino, nusu kwenye mkoba na nusu kwenye kimfuko ulichokishona ndani ya nguo. Pedi beba za kutosha wiki ya kwanza. Pete ya ndoa ya kuigiza nimewahi kuitumia kwenye treni, inapunguza maswali kidogo, ila usiitegemee. Kibao cha mlango mpe fundi seremala yeyote Mwanza, urefu wa kiganja, upande mmoja mnene upande mmoja mwembamba, mti mgumu.

Tiketi usilipie bado. Andika hapa ndege unayoifikiria na saa inayotua, tuiangalie kwanza.