Inanyanyua pua halafu inaanguka, nakosea wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Tabora, nimetengeneza ndege isiyo na injini, mabawa ni ya foam ya maboksi, mwili ni fito ya mwanzi. Nikiirusha inaenda mita tano sita hivi halafu inanyanyua pua, inasimama hewani, inaanguka. Mkia ushavunjika mara tatu nikaubandika kwa gundi, sa'ivi nawaza kubadili mabawa. Nisaidie.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mabawa usiyaguse, hayana kosa. Mkia wako mzito.

Kila ulipoubandika uliuongezea gundi, na uzito wa mkiani si sawa na wa puani maana mkia uko mbali. Tuseme mkia uko sm 50 nyuma ya pale ndege inapokaa mizani na pua iko sm 20 mbele yake, basi gramu 1 ya gundi mkiani inataka gramu 2 na nusu puani. Mi nilianza na mabua ya mahindi nikiwa la tatu hapa Kigoma, leo nina wajukuu, na nyingi nilizozivunja zilikufa kwa hilo hilo.

Fanya hivi. Pima upana wa bawa toka mbele kwenda nyuma, kama ni sm 12 weka alama sm 4 toka ukingo wa mbele, chini ya kila bawa, halafu ibebe kwa ncha za vidole viwili hapo hapo. Mkia ukishuka, bandika sarafu au udongo wa mfinyanzi puani kidogo kidogo mpaka itulie. Kairushe asubuhi kabla upepo haujaamka, kwenye majani, mkono ulale usawa, usiielekeze juu, hapo ndo vijana wengi wanaharibu.

Ikishatulia ndo uifikirie mbali. Sisi huku tuna ziwa, mchana upepo unatoka majini unagonga vilima unapanda, ukisimama kileleni ukaielekezea upepo inakaa juu yenyewe. Tabora ni tambarare, we tegemea hewa ya moto inayopanda toka ardhini jua likishakolea, na wa kukuonyesha ilipo ni mwewe, ukimwona anazunguka bila kupiga bawa irushie huko. Otto Lilienthal wa Ujerumani, aliyeruka mwenyewe kwa mabawa yake zaidi ya mara 2,000 kati ya 1891 na 1896, alijifunza kwa kuangalia korongo, na korongo weupe wa Ulaya wakikimbia baridi wanakuja mpaka huku kwetu Tanzania, huwa nasimama nawatazama mpaka shingo inauma.

Na mwanangu, andika namba ya simu chini ya bawa. Ya kwangu iliyoruka vizuri kuliko zote ilipata hewa ya kupanda saa nane mchana, nikaikimbilia mpaka ikawa nukta, na sikuiona tena.