B450 au B550 kwa Ryzen 5 5600G?

Ndugu, umeuliza kama inafaa kuongeza pesa ununue ubao mama (motherboard) wenye chipseti ya B550, yaani chipu inayosimamia mawasiliano ya ubao, badala ya B450 kwa ajili ya prosesa ya Ryzen 5 5600G uliyoiona Luthuli Avenue, Nairobi. Kwa maoni yangu, haifai. B550, iliyotoka mwaka 2020, ilisifiwa kwa kuruhusu PCIe 4.0 (toleo la kasi zaidi la njia za kupitishia data) kwenye sloti ya kadi ya michoro na ya diski moja ya M.2 (SSD ndogo inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao), lakini njia hizo hutoka kwenye prosesa yenyewe wala si kwenye chipseti, na 5600G huishia PCIe 3.0, toleo la nyuma yake. Ungechukua 5600 isiyo na G, ambayo hufika PCIe 4.0, ningekujibu vingine. Ukichagua B450, mwombe muuzaji auwashe mbele yako, maana ubao wenye BIOS (programu ya kuwashia kompyuta iliyo ndani ya ubao) ya zamani hautaitambua 5600G (na hapo wengi hudhani wameuziwa kitu kibovu).