Jibu: vya springi au vya meno, kuvaa juu ya viatu kwenye barafu?

Mkuu umeuliza kuhusu vile vifaa vya raba vya kuvalia juu ya viatu ili usiteleze kwenye barafu, uchukue vile vya springi (waya uliojiviringisha chini ya soli) au vya meno (vichuma vyenye ncha), na kama unaweza kuingia navyo ndani. Inategemea unakanyaga nini. Kama ni theluji iliyoshindiliwa, vya springi vinatosha kabisa na ni vyepesi, ila ile barafu ngumu inayong'aa kama kioo springi inateleza tu juu yake, hapo unahitaji meno yanayochoma, yale ya tungsten carbide (kitu kigumu kuliko chuma) yanadumu maana chuma cha kawaida kikikutana na lami kinaisha makali mapema. Na angalia meno yawepo mpaka kwenye kisigino, mi naona hili ndo la muhimu kuliko yote, sababu mguu unapotua kisigino ndo kinatangulia na wengi wanaanguka hapohapo, wakati vingine vina meno mbele tu.

Kuingia navyo ndani hapana aisee, tafadhali sana. Kwenye marumaru chuma kinateleza vibaya kuliko hata kiatu chenyewe, kaa chini mlangoni uvivue, usivivue umesimama mguu mmoja.

Saizi pima na buti utakalovaa kweli. Ile raba inayovishikilia kwenye kiatu ikiwa baridi inakuwa ngumu kuvuta so vivalie ndani karibu na mlango, ukirudi vikaushe visishike kutu na uikague raba kama imeanza kupasuka. Halafu hata ukivivaa piga hatua fupi na mikono itoe mfukoni, barafu yenye maji juu inateleza kupita maelezo.