Leseni mpya, bima ghali: anza na gari lenyewe

Mdogo wangu, umesema una miaka 19, leseni ina wiki tatu, na kila kampuni inakutajia bei ya kukukatisha tamaa. Pole. Wanaangalia umri na uzoefu, na hivyo huwezi kuvibadilisha leo.

Gari unaweza kulichagua. Kama hujanunua, uliza bei ya bima kabla ya kulipia gari. Lenye injini ndogo, vipuri vya kawaida na lisilofanyiwa marekebisho ya mbwembwe huwa nafuu zaidi. Omba bei ya bima kubwa (inayofidia hata gari lako) na ya bima ndogo (inayofidia tu wengine uliowasababishia hasara) pia. Wakati mwingine ndogo haiokoi chochote.

Ukikubali kubeba sehemu kubwa zaidi ya hasara ajali ikitokea, ada hushuka, ila usikubali kiasi ambacho huna mfukoni.

Kumwongeza mzazi mzoefu kwenye bima kama dereva wa pili ili ada ishuke ni halali, mradi kweli analiendesha. Lakini nakusihi, usimwandikishe yeye kuwa dereva mkuu wakati anayeliendesha zaidi ni wewe. Huo ni udanganyifu, na kampuni inaweza kukataa kulipa siku unayoihitaji.

Ukiweza, lipa mwaka mzima. Malipo ya awamu mara nyingi huongezewa riba.