Malkia wa chungu sebuleni: tazama kiuno, rangi baadaye

Msomaji wa Raskazone ametutumia picha ya mdudu mwenye mbawa aliyemkuta ukutani karibu na taa, na swali moja: "Malkia gani huyu?" Picha imepigwa kwa juu, haina rula, kiuno hakionekani. Kwa picha ya namna hiyo hata mjuzi atabahatisha tu.

Mvua za vuli au masika zikianza Tanga, kumbikumbi nao hufuata taa ndani. Wao mbawa zao zote nne zina urefu mmoja, vipapasio vimenyooka, na kiuno hawana. Chungu ana mbawa za mbele ndefu kuliko za nyuma, vipapasio vimekunjika katikati na kiuno kimebanwa.

Halafu jinsia, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Lile dude la kahawia la karibu sentimita 3, tumbo refu kama soseji, ni dume la siafu. Malkia wa siafu haoti mbawa maisha yake yote, kwa hiyo kwenye taa hutamkuta. Dume la chungu halina mwiba. Lifagie nje, usilipigie dawa. Malkia wa chungu wengine utamjua kwa kifua kinene na kichwa kipana. Madume huwa na kichwa kidogo na macho makubwa.

Mtie kwenye kichupa, weka kwenye friji dakika 10 atulie, kisha mlaze kwenye karatasi nyeupe kando ya rula. Piga picha tatu: ubavuni, usoni, juu. Ya ubavuni ndiyo yenye thamani, maana inaonyesha vinundu vya kiuno. Vikiwa viwili, yuko upande wa Pheidole na Monomorium, jenasi (makundi ya spishi zinazokaribiana) za sisimizi wetu wa jikoni. Kikiwa kimoja, chukua lenzi ya kukuza mara 10 utazame ncha ya tumbo: kitundu cha duara chenye vinyweleo kinakupeleka kwa jenasi ya Camponotus, au kwa majimoto wa miembe na minazi. Ukiona mwiba, na tumbo limebanwa baada ya pingili ya kwanza, fikiria Ponerinae, nusufamilia ya chungu wenye mwiba.

Rangi hudanganya: aliyetoka kwenye kifukofuko karibuni huwa mweupe-mweupe. Na msing'ang'anie jina la spishi! Miongozo mingi ya utambuzi inaeleza vibarua (chungu wafanyakazi wasio na mbawa), si malkia. Kama kiota chao kimo ndani ya nyumba, kusanya vibarua 5 hadi 10, wakubwa kwa wadogo; kama hakimo, ishia kwenye jenasi.

Hifadhi kwenye spiriti ya asilimia 70 kutoka duka la dawa (Konyagi, kwa asilimia 35, haifai). Ndani ya kichupa weka kikaratasi chenye mahali, tarehe, saa, na kama mvua ilinyesha. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti.